Waziri wa Mwendo na Gari la Bi. Siwatu

Iko nchi moja inaitwa Jamhuri ya Twendeni. Msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ilipelekwa kwa fundi na mpaka leo fundi anasema njoo kesho. Mji wake mkuu unaitwa Tulipofika, na ukiwauliza wenyeji kwa nini ukaitwa hivyo, watakujibu kwa adabu kwamba hapo ndipo mafuta yalipoisha.

Ni nchi njema. Ina amani, ina upepo mzuri, na viongozi wake wote wana magari. Hili limetajwa mapema ili asije mtu akadhani hadithi hii ina nia mbaya.

Kila mwaka Wanatwendeni husherehekea Sikukuu ya Kuondoka. Sikukuu ya Kufika bado haijapangiwa tarehe. Siku hiyo msafara wa serikali hutoka Ikulu, hupanda mlima hadi Soko la Kileleni, husimama hapo ili Mtangulizi Mkuu, ndilo jina la rais wao, awape wafanyabiashara maneno mawili matatu ya kuwatia moyo, kisha huteremka upande wa pili mpaka Uwanja wa Taifa. Magari hupangwa kwa upya wao: lililotoka dukani juzi liko mbele, lililo kuukuu liko mkiani linakula moshi wa wenzake.

Miaka ya nyuma gari la waziri mmoja lilizimika njiani, msafara ukamwacha. Mtangulizi Mkuu alipofika uwanjani akageuka, akaona kiti kitupu, akasema, "Aliyeachwa na msafara ameiacha serikali." Alikuwa anatania. Alicheka hata mwenyewe. Lakini katika Twendeni utani wa mkubwa ukisemwa asubuhi, jioni umeshapigwa muhuri. Tangu hapo waziri akiachwa na msafara huhesabiwa kuwa amejiuzulu kwa hiari, na redio humpongeza kwa uamuzi wake wa busara kabla hajapata hata usafiri wa kurudi nyumbani.

Ndiyo maana katika nchi hiyo mawaziri hawaulizani habari za afya. Huulizana, "Gari linaamkaje?"

*

Mheshimiwa Dakta Gaudensi Kapulya alikuwa Waziri wa Mwendo. Udaktari wake aliupata kwa utafiti juu ya magari yaliyoegeshwa, na wanaoujua utafiti huo wanasema hakuna gari hata moja lililomtoroka.

Gari lake liliitwa Majestiki. Lilikuwa jeupe, refu, limejaa vioo na taa ndogondogo, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke iliyokuwa ikimwambia habari ambazo hakuziuliza. "Mheshimiwa, tairi la nyuma kulia halina raha." "Mheshimiwa, umekaa vibaya." Mwaka uliopita, lilipokuwa jipya, liliongoza magari yote ya mawaziri. Mwaka huu Hazina ilitangaza kwamba magari mapya yatachelewa kidogo kwa sababu zilizo nje ya uwezo wa sababu zenyewe. Kwa hiyo kila waziri angekwenda na alilonalo, na alilonalo Dakta Kapulya lilikuwa limeanza vituko.

Siku moja lilimfikisha Barabara ya Mafanikio, aliyoizindua yeye mwenyewe kwa mkasi wa dhahabu. Sauti ikasema, "Tahadhari. Umetoka nje ya barabara."

Chande, dereva wake, akakanyaga breki.

"Tuko katikati ya barabara," alisema Dakta Kapulya.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mwambie."

"Nimemwambia, Mheshimiwa. Anasema haioni."

Dakta Kapulya alitazama nje. Aliona mashimo, aliona bata wakioga katika moja ya mashimo hayo, aliona kibao chenye jina lake. Sauti ikasema kwa upole, "Nimegundua vumbi. Ninajilinda." Injini ikalala. Milango ikajifunga. Kiyoyozi kikakata.

Wakiwa humo wanatoka jasho kama maandazi yanavyotoka mafuta, kikasikika kikohozi kwa mbali. Kilikuwa kikohozi cha heshima, kama cha mzee anayekaribia ua wa watu ili walio ndani wajisitiri. Wapita njia wote wakageuka, wakatabasamu. Shangazi alikuwa anakuja.

Shangazi lilikuwa jina la gari la Bi. Siwatu Kitwana, Waziri wa Mambo Yaliyobaki. Wizara hiyo hupewa kila kitu ambacho wizara nyingine zimesahau: visima, vyoo vya shule, mbuzi wanaozurura. Shangazi aliachwa na marehemu mumewe Bi. Siwatu. Alikuwa wa kijani cha mchicha uliolala, mlango wake mmoja ulifungwa kwa kipande cha kanga, na umri wake uliizidi katiba ya nchi, ingawa hilo lisiwashangaze, maana katiba ya Twendeni hubadilishwa mara nyingi kuliko matairi. Bi. Siwatu aliliendesha mwenyewe. Mabaraza ya mawaziri yalikuja yakaenda, mawaziri wa magari mapya wakapongezwa kwa busara zao mmoja mmoja, lakini kila Sikukuu ya Kuondoka Shangazi alifika uwanjani, wa mwisho, akikohoa, amefika.

Lilipita juu ya mashimo likiyumba kama mama wa pwani anayekwenda harusini, likasimama kando ya Majestiki. Bi. Siwatu akateremsha kioo kwa kukizungusha na mkono.

"Gaudensi mwanangu, hujambo humo ndani?"

"Shikamoo, Bibi," ilijibu sauti nyembamba nyuma ya kioo.

"Marahaba. Nikupe lifti?"

"Ahsante, niko kikaoni."

"Na nani?"

Dakta Kapulya alifikiri. "Na gari."

"Haya. Mkielewana utafika." Akaondoka, na ile harufu ya petroli ikabaki ikizunguka hapo.

Waziri alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea. Wivu ukamchoma kama mwiba wa changu.

"Chande, lile gari lina nini ambacho letu halina?"

"Halina kitu, Mheshimiwa. Letu lina kila kitu."

"Sasa kwa nini lile linakwenda?"

Chande alikuwa na watoto wa kusomesha. "Halina adabu tu, Mheshimiwa."

*

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna sheria moja inayohusika.

Majestiki ilipokuwa bado inanukia upya wa dukani, Dakta Kapulya alipita nayo Soko la Kileleni. Watu wakaizunguka. Wengine walijitazama humo wakachana nywele. Muuza bamia mmoja, Bi. Nyamizi, aliona vumbi kwenye boneti akaona aibu kwa niaba ya serikali, akalifuta kwa ncha ya kanga yake. Gari likapiga yowe. Likasema kwa lugha tatu kwamba linashambuliwa. Bi. Nyamizi alilala kituo cha polisi, na bamia zake zikanyauka.

Wiki iliyofuata Waziri wa Mwendo alipeleka bungeni Muswada wa Kutogusa. Ulisema raia yeyote haruhusiwi kugusa gari la kiongozi, liwe linakwenda au limesimama, na gari likipita raia asimame kando, mikono nyuma. Muswada ulipita bila kelele, mpaka mbunge mmoja alipokumbuka kwamba sheria nyingine, ya zamani, inamtaka raia apige makofi gari la kiongozi likipita. Bunge likakaa siku nzima. Mwishowe ikapatikana suluhu iliyowaridhisha wote: raia watapiga makofi kwa nyuma.

Mkifika Twendeni mtawaona. Wamejipanga kando ya njia, vifua mbele, nyuso zimetulia, na nyuma ya migongo yao kunasikika pwa, pwa, pwa, kama mtu anayekanda unga chumba cha pili.

Ni Bi. Siwatu peke yake aliyesimama kuomba jambo. "Mheshimiwa Spika, mimi naomba gari langu liendelee kuguswa."

Bunge zima lilicheka. Dakta Kapulya alicheka mpaka akashika meza. "Mheshimiwa Spika, hata sheria isingeona pa kushika kwenye lile gari bila kuchafuka. Nakubali."

Ikaandikwa: sheria hii haitahusu gari la Mheshimiwa Siwatu Kitwana, maadamu ni lake. Kila mtu akasahau.

*

Sasa tuurudie wivu, maana ulikuwa umeshahamia mpaka chumbani.

Jumamosi moja mkewe, Perpetua, alirudi kutoka msibani. Majestiki ilikuwa imekataa kumpeleka kwa madai kwamba hewa ya huko haijui. Dakta Kapulya alimkuta anavua viatu sebuleni, akavuta pua.

"Unanuka petroli."

"Nimetoka msibani, Baba Ritha. Acha nipumue."

"Umekwendaje?"

"Nimepata lifti."

"Ya nani?"

Perpetua akakunja kanga yake taratibu. "Ya Bi. Siwatu."

Mumewe akakaa chini. "Umepanda Shangazi."

"Ningepanda nini? Lako limejifungia bandani linajisomea."

"Ulikaa mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Mbele." Alilirudia neno hilo kama mtu anayetafuna jiwe lililo kwenye wali. "Kiti kikoje?"

"Kimebonyea vizuri. Ukikaa unahisi kama kinakufahamu. Halafu madirisha yanafunguka, upepo unaingia, watu wanakusalimia kwa jina. Baba Ritha, tulipofika pale sokoni, yule Shangazi akafanya vile anavyofanyaga, basi watu..."

"Inatosha."

"Nilikuwa nakuambia kilichotokea sokoni."

"Sitaki kujua mlichofanya sokoni, Mama Ritha. Nina moyo mmoja tu."

Perpetua akamtazama kwa huruma, akaenda kuoga. Waziri akabaki ameshika ile kanga, akainusa mara nyingine. Ilikuwa petroli, na hiliki kidogo, na kitu kingine ambacho hakuweza kukitambua. Mkitaka kukijua kilikuwa jasho la watu, lakini yeye hakukutana nalo mara kwa mara.

*

Mtu wa kawaida akishikwa na wivu hulia au hunywa. Waziri huunda tume. Dakta Kapulya aliunda Tume ya Kulinganisha Magari ya Kale na ya Kisasa, ikaongozwa na profesa ambaye hakuwa na gari, ili asiwe na upande.

Tume ilifanya kazi kwa bidii. Ilipima ulaini wa viti, ikapima ukubwa wa redio. Magari yote mawili yalipelekwa kwenye Barabara ya Mafanikio yakaambiwa yaende. Shangazi alikwenda akarudi. Majestiki ilitoa taarifa.

Siku ya kusoma matokeo profesa alivaa joho. "Mheshimiwa Waziri," alisema, "Tume imebaini bila shaka yoyote kwamba gari jipya hudumu kuliko la zamani. Gari la zamani linatembea kila siku, kwa hiyo kila siku linachakaa. Gari jipya likishazima halichakai kabisa. Kwa kasi hii, Shangazi atakwisha siku moja, lakini Majestiki inaweza kukaa pale ilipo milele."

Ukumbi ukapiga makofi, ya mbele, kwa kuwa wote walikuwa viongozi. Dakta Kapulya naye alipiga. Kisha akachungulia dirishani. Huko nje Shangazi alikuwa chini ya kivuli, kuku wawili juu ya paa lake, wametulia kama wako kwao. Majestiki isingemruhusu hata nzi.

Roho ikamuuma kwa ajili ya wale kuku.

Sikukuu ilikuwa imekaribia. Kila akilala aliota msafara unateremka mlima bila yeye, na redio inamsifu. Jumapili akaenda kwa Bi. Siwatu kwa miguu, maana Majestiki ilikuwa inajilinda, akamkuta anachambua mchele.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo kwenye mkeka, usichafue suti."

"Bibi, nimekuja kwa moyo wa huruma. Mtu wa umri wako hastahili kuendesha chuma kile. Tubadilishane. Wewe chukua Majestiki, upoe kwa kiyoyozi, uimbiwe. Mimi kijana nitahangaika na Shangazi."

Bi. Siwatu aliutikisa ungo, pumba zikaruka. "Shangazi ana tabia zake. Hataki mtu wa peke yake."

"Sitakuwa peke yangu, nina dereva."

"Sisemi dereva." Akacheka kidogo. "Gaudensi, gari lile mimi siliendeshi. Tunaliendesha."

Dakta Kapulya aliona hapo kuna siri anafichwa. Kwa nini mtu amkatalie kitu kibovu kama si kizuri? Akaaga, akaenda moja kwa moja Ikulu, akamweleza Mtangulizi Mkuu kwamba ni aibu ya taifa mama mzee kuonekana na mkweche siku ya sikukuu, na kwamba yeye, kwa uzalendo, yuko tayari kuibeba aibu hiyo.

Mtangulizi Mkuu alimtazama kwa mapenzi. "Kapulya, unajinyima."

"Kidogo tu, Mtukufu."

Amri ikatoka. Mkesha wa sikukuu Bi. Siwatu alileta ufunguo, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Kadi za magari zikabadilishwa majina mbele ya wanasheria. Akaiegemea boneti ya Shangazi kwa kiganja, kama anavyoagwa mtu.

"Mwanangu, sikiliza nikuambie. Mkifika pale sokoni mkasimama..."

"Bibi, mimi ni daktari wa magari yaliyosimama."

"Najua. Lakini pale..."

"Unataka kunitia wasiwasi. Naelewa, hata mimi ningekuwa na wivu."

Bi. Siwatu akamkabidhi ufunguo. "Haya," akasema. "Basi angalau usalimie watu."

*

Siku ilifika na bendera zake. Kwa utaratibu wa upya, Shangazi aliwekwa nyuma kabisa, na mbele yake kidogo Majestiki, iliyopaswa kuongoza lakini ikachelewa kuamka, Bi. Siwatu akiwa kwenye usukani na kilemba kipya. Dakta Kapulya hakujali kukaa mkiani. Alibonyea kwenye kile kiti cha mbele, kikamfahamu. Alizungusha kioo kwa mkono wake mwenyewe, akakizungusha tena juu, akakizungusha tena chini.

"Chande, sikia injini."

"Naisikia, Mheshimiwa. Inasema kweli."

Walipanda mlima. Mbele yao magari mapya yalianza kuugua. Waziri wa Maji aliachwa njiani rejeta yake ikitoa mvuke. La Waziri wa Habari lilisimama bila kueleza sababu. Shangazi akawapita wote wawili, akaipita hata Majestiki, akikohoa. Kando ya njia watu waliposikia kikohozi kile walianza kutabasamu na kuinua mikono, kisha wakaona kichwa cha nani kiko dirishani, tabasamu zikarudi ndani na mikono ikaenda nyuma. Pwa, pwa, pwa. Dakta Kapulya hakuona tofauti. Alikuwa anawaza kwamba kwa muda wote ule furaha hii ilikuwa ya mtu mwingine.

Msafara ukafika Soko la Kileleni, ukasimama. Kutoka pale hadi mteremko unapoanza ni mwendo wa meza chache za nyanya. Mtangulizi Mkuu akasimama juu ya gari lake, akasema maneno mawili matatu yaliyochukua muda wa kupika maharage.

"Ndugu zangu," alisema, "taifa ni kama gari. Mnaona ninyi mlivyosimama? Na mimi nimesimama. Huo ndio umoja. Lakini msisahau kwamba hata tukisimama, tunasonga."

Katikati ya umoja huo Shangazi akatetemeka, akapiga chafya moja, akazima.

"Washa," alisema Dakta Kapulya.

Chande akazungusha ufunguo. Tiki. Akazungusha tena. Tiki.

"Chande."

"Mheshimiwa."

"Hili gari halizimiki."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Limezima lakini halizimiki."

Kila mtu sokoni pale alikuwa anajua, isipokuwa mtu mmoja. Shangazi akipanda mlima ule na kusimama juu, huzima. Amezima hapo kila siku ya Mungu, sikukuu na siku za kazi. Na kila akizima, wauza nyanya, wachukuzi, wasuka mikeka, wakiongozwa na Bi. Nyamizi muuza bamia, huacha biashara zao, huweka mikono kwenye mgongo wake wa kijani, huimba, humsukuma mpaka mteremkoni, naye huamka akiteremka. Bi. Siwatu huwaita kwa majina, huwauliza habari za visima na vyoo vya shule, na jioni akirudi hubeba waliochelewa pamoja na matenga yao. Ndivyo Shangazi alivyodumu. Mawaziri hawakuwahi kuona hayo kwa sababu walikuwa mbele, na katika Twendeni aliye mbele hageuki.

Hata sasa watu walikuwa wameshasogea. Mazoea yaliwavuta. Bi. Nyamizi alikuwa ameshakunja kanga kiunoni, viganja viko tayari. Kisha akaona kichwa dirishani, akaona polisi, akasimama. Wote wakasimama. Mikono ikaenda nyuma.

Mbele, hotuba iliisha. Magari yakaanza kuteremka moja moja.

Dakta Kapulya akatoa kichwa. "Ndugu wananchi, sukumeni."

Pwa, pwa, pwa.

"Nasema sukumeni. Hatua chache tu."

"Tungependa sana, Mheshimiwa," alisema Bi. Nyamizi, na kwa kweli uso wake ulikuwa na majonzi, akiutazama ule mgongo wa kijani. "Lakini siku hizi ni gari lako."

"Mimi nawaruhusu."

"Afande, anaweza kuruhusu?"

Polisi alifikiri sana, jasho likamtoka. "Sheria ni ya bunge. Waziri haruhusu, labda bunge likae."

"Basi Chande, shuka usukume."

Chande alishuka upesi. Alisimama pamoja na watu, akaweka mikono nyuma. "Mimi ni raia, Mheshimiwa. Nikiwa ndani naendesha, nikiwa nje nagusa."

Waziri akatoka mwenyewe. Alikuwa ameshanyoosha mikono kuelekea boneti aliposikia polisi anakohoa.

"Mheshimiwa, samahani. Msafara ukiondoka na wewe uko hapa, umejiuzulu. Ukijiuzulu ni raia. Ukigusa ukiwa raia, itabidi nikukamate. Sasa sijui tuko wapi hapo, kwa sababu gari la mwisho bado halijaondoka."

Gari la mwisho lilikuwa Majestiki, hatua chache nyuma yao. Lilikuwa limelala tangu katikati ya hotuba. Sauti ilikuwa imesikika vizuri, ikisema, "Nimegundua maneno mengi. Ninajilinda." Dakta Kapulya alipoikumbuka, akapata nguvu kidogo. Angalau hataachwa peke yake.

Bi. Siwatu akafungua mlango nusu, baada ya kubishana nao. "Nyamizi," akaita, "bamia zimeuzika leo?"

"Bado, Bibi. Limezima?"

"Limezima, mwanangu. Sijui hata limezimia wapi, halina pa kugonga liamke."

Bi. Nyamizi akamgeukia polisi. "Afande, lile la nani?"

Polisi aliitazama Majestiki, akamtazama Bi. Siwatu. Taratibu uso wake ukakunjuka kama mtu aliyepewa likizo. "Lile ni gari la Mheshimiwa Siwatu," alisema. "Linaguswa."

Soko zima likaondoka. Walimpita Dakta Kapulya kulia na kushoto kama maji yanavyopita kigingi, wakaiangukia Majestiki kwa viganja vya nyanya, vya dagaa, vya mkaa. Gari likapiga yowe. "Tahadhari. Unaguswa. Tahadhari. Unaguswa na watu wengi." Bi. Siwatu akaweka gia huru, Bi. Nyamizi akaanzisha wimbo, na lile jeupe lenye kiburi likaanza kusogea. Halikuwaka na wala halikuhitaji kuwaka. Lilipita kando ya Shangazi, karibu kabisa, na waziri akaiona ile boneti aliyoipigania bungeni imejaa alama za mikono kama ukuta wa nyumba ya watoto, na sauti ya ndani, imechoka kupiga kelele, sasa inasema polepole, "Mheshimiwa, tairi zote zina raha."

Halikuwahi kumwambia yeye neno hilo.

Alilitazama likifika ukingoni, likainama, likateremka kwa uzito wake kuelekea uwanjani, watu wakilikimbilia na kulishikilia lisije likamkimbia mwenyewe. Wivu aliokuwa nao kwa Shangazi ulikuwa mchezo. Huu haukuwa mchezo. Lile lilikuwa lake.

Baada ya kitambo vipaza sauti vya uwanjani vikasikika mpaka huku juu. Mtangulizi Mkuu alikuwa amegeuka, ameona viti. Akamsifu Bi. Siwatu kwa kufika na wananchi wote hao. Kisha akampongeza Dakta Gaudensi Kapulya, kwa uamuzi wake wa busara.

Sokoni wale walioishia ukingoni walikuwa wanarudi kwenye meza zao wakihema na kucheka. Bi. Nyamizi alisimama mbele ya Shangazi, akamwona yule mtu wa suti bado ameiacha mikono yake hewani, hajui aipeleke wapi. Kwa mbali, mlimani, ving'ora vya gari la Mkuu wa Mkoa aliyechelewa vilikuwa vinakuja.

"Mikono nyuma, baba," alimwambia. "Kuna kiongozi anapita."

Akaipeleka nyuma. Akajaribu kupiga makofi, viganja vikakosana. Aliiandika sheria ile yeye mwenyewe, lakini hakuwahi kuijaribu. Bi. Nyamizi akaenda nyuma yake, akamshika vifundo vya mikono, akamgeuzia kiganja kimoja juu na kingine chini.

"Hivyo," alisema. "Mwanzoni bega linauma. Utazoea."